Konokono wa tangini na mpunga wa Bonde la Rukwa

Na Mwandishi Wetu, Sumbawanga

Mfugaji wa samaki wa mapambo anafunua tangi lake la kioo asubuhi na kukuta kishada kimenata juu ya kioo, vidole viwili kutoka usawa wa maji. Kina rangi ya waridi iliyopauka, na vipunje vyake vimebanana kama punje za mahindi kwenye gunzi. Jana jioni hakikuwapo. Ni mayai ya konokono, na yanaweza kuzidi mia.

Baada ya wiki mbili hadi nne, kutegemea joto, kila kipunje kitatoa konokono mdogo aliyekwisha kuota gamba. Ataanguka majini na kuanza kula siku hiyohiyo.

Tangi la lita 60 linatosha konokono watatu au wanne wakaishi vizuri. Halitoshi mia. Jirani atachukua wawili, mwalimu wa sayansi atachukua watano kwa ajili ya darasa lake. Waliobaki wanakwenda wapi?

Katika miji mingi swali hilo lingeishia ndani ya nyumba. Sumbawanga haliishii humo, kwa sababu ya mahali mji wenyewe ulipo.

Mji uko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, mgongoni mwa uwanda wa juu wa Ufipa. Upande wa magharibi uwanda unashuka hadi Ziwa Tanganyika. Upande wa mashariki, kupitia safu ya Lyamba lya Mfipa, unashuka hadi Bonde la Ziwa Rukwa. Maziwa yote mawili yako takriban mita 1,000 chini ya mji. Mto Kalambo unapeleka maji yake Tanganyika baada ya kuanguka kwenye maporomoko ya zaidi ya mita 200. Mto Momba unayapeleka Rukwa.

Ndoo ya maji ya tangi ikimwagwa mtaroni kati ya Novemba na Aprili, mvua inaichukua, na mvua ya Ufipa haina njia nyingine ila kuteremkia kwenye ziwa moja au jingine.

Kiumbe anayependeka

Konokono huyo ni *Pomacea diffusa*, mwenyeji wa Amerika Kusini, hasa bonde la mto Amazon. Kwa miaka mingi wauzaji walimwita *Pomacea bridgesii*, na jina hilo bado linatumika.

Wanaomfuga wana sababu nzuri. Wapo wa rangi ya dhahabu, wa buluu, wa zambarau na weupe wa pembe za ndovu. Akikua hufikia takriban sentimita 5. Anasafisha utando wa kijani unaoota kwenye kioo, majani yaliyooza na mabaki ya chakula cha samaki, na maadamu ameshiba haishambulii sana mimea hai.

Kumtazama ni somo la biolojia. Ana matamvua ya kuvuta hewa ndani ya maji, na ana pafu pia. Maji yakikosa hewa anapanda karibu na juu, ananyoosha mrija wa nyama hadi nje ya maji, kisha mwili wake unapanda na kushuka ndani ya gamba akipiga pumzi. Akitishwa anajivuta ndani na kufunga mlango kwa kifuniko kigumu kilichoshikana na mguu wake. Kwa kifuniko hicho anaweza kusafiri safari ndefu ya basi akiwa amefungwa kwenye kitambaa kibichi, akafika mzima.

Konokono wengi wa maji baridi wana jinsia zote mbili ndani ya mwili mmoja. Huyu hana: yupo dume na yupo jike. Hata hivyo jike huhifadhi mbegu za dume kwa miezi, kwa hiyo konokono aliyenunuliwa peke yake anaweza kutaga bila mwenye nyumba kuelewa imekuwaje.

> Jike huhifadhi mbegu za dume kwa miezi. Konokono aliyenunuliwa peke yake anaweza kutaga.

Kumtunza vizuri kunahitaji kujua gamba lake linatokana na nini. Linajengwa kwa kalisi, na maji yanayoelekea uchachu hulila. Nyumba nyingi za Sumbawanga hukinga maji ya mvua kutoka paa la bati, na maji ya mvua karibu hayana kalisi kabisa. Konokono akiwekwa humo, gamba huanza kupauka na kuchimbika kuanzia kileleni, sehemu iliyo ya zamani kuliko zote. Dawa ya bei nafuu iko jikoni: maganda ya mayai yaliyochemshwa, yakakaushwa na kusagwa. Kabichi, boga na tango lililochovywa kwenye maji ya moto vinatosha kuwa chakula cha nyongeza.

Shaba ni sumu kwake. Baadhi ya dawa za kutibu samaki zina shaba, na kipimo kinachomponya samaki kinaweza kuua konokono wote wa tangi. Aliyekufa atolewe mara moja, kwa sababu mwili wake unavyooza huchafua maji haraka kiasi cha kuua samaki pia. Tangi lijazwe likiacha nafasi juu, kwani mayai yakizama hufa, na lifunikwe, kwani konokono hupanda na kutoka.

Lililo gumu zaidi Ufipa ni baridi. Konokono huyu hustawi kati ya nyuzi 20 na 28 za Selsiasi. Mwezi Juni na Julai maji ya tangi lisilo na hita hushuka chini ya hapo, na konokono hujifungia ndani ya gamba, akaacha kula na kutaga. Wafugaji wa mikoa ya pwani hawalijui tatizo hilo. Mfugaji wa Sumbawanga anategemea hita, na hita inategemea umeme. Ukikatika usiku mzima, kulifunika tangi kwa blanketi ndiyo njia iliyobaki.

Kutokana na baridi hiyo wapo wanaosema kwamba Ufipa haina la kuogopa: konokono wa nchi ya joto akitupwa nje atakufa. Hoja hiyo ina ukweli kiasi kwa mji wenyewe. Haina ukweli kwa Muze, Mtowisa na Ilemba, kule chini bondeni, ambako kuna joto mwaka mzima na mpunga unalimwa.

Yaliyotokea Mwea

Mwaka 2020 wakulima wa skimu ya umwagiliaji ya Mwea, Kaunti ya Kirinyaga nchini Kenya, walianza kuona vishada vya rangi ya waridi iliyokolea kwenye mashina ya mpunga na kwenye kingo za mifereji. Watafiti walithibitisha kwamba ni *Pomacea canaliculata*, ndugu wa karibu wa konokono wa tangini. Ilikuwa mara ya kwanza kwa spishi hiyo kuthibitishwa Kenya. Mwea ndiko kunakotoka zaidi ya nusu ya mchele unaolimwa nchini humo.

Huyu hachagui. Anakata mche mchanga wa mpunga usawa wa maji, na katika wiki za mwanzo anaweza kuacha jaruba na mapengo ambayo mkulima hulazimika kuyapanda upya. Utafiti uliofanywa baadaye kwa wakulima wa Mwea ulionyesha kwamba pale uvamizi ulipozidi asilimia 20 ya eneo lililolimwa, mavuno yalipungua kwa karibu asilimia 14 na mapato halisi ya mchele kwa karibu asilimia 60. Tofauti ya namba hizo mbili ni gharama: vibarua wa kuokota konokono kwa mkono, miche ya kupanda tena, viuatilifu.

> Mavuno yalipungua kwa karibu asilimia 14, mapato kwa karibu asilimia 60.

Historia yake ilianza mbali. Karibu mwaka 1980 *Pomacea canaliculata* alipelekwa Taiwan kutoka Amerika Kusini ili afugwe kwa chakula. Biashara iliahidiwa kuwa ya faida. Walaji hawakumpenda, wafugaji wakaacha mabwawa, na konokono wakaingia mashambani. Vivyo hivyo akaenea Ufilipino, Vietnam, Thailand, China na Japani. Leo yumo katika orodha ya kimataifa ya viumbe vamizi 100 vibaya zaidi duniani.

Madhara hayakuishia kwenye mpunga. Konokono huyo hubeba mnyoo wa mapafu ya panya, ambaye akimwingia binadamu huweza kusababisha homa ya uti wa mgongo. Mwaka 2006 watu wengi waliugua Beijing baada ya kula konokono hao mgahawani bila kuiva sawasawa.

Kwa Ufipa kuna jambo jingine la kutia wasiwasi. *Pomacea canaliculata* anatokea hadi maeneo ya Buenos Aires, ambako kuna kipupwe cha kweli, na kusini mwa Japani anapita majira ya baridi akiwa amejifukia kwenye tope. Kiangazi pia anaweza kukipita vivyo hivyo, kwa miezi kadhaa, jaruba likiwa limekauka. Baridi ya Sumbawanga haimzuii yeye.

Spishi moja au wote?

Hapa ndipo pande mbili zinapotofautiana, na kila upande una nchi inayouunga mkono.

Upande wa kwanza ni wa wafugaji. Wanasema *Pomacea diffusa* hana rekodi ya kuharibu mpunga, na si haki kumhukumu kwa makosa ya ndugu yake. Marekani inakubaliana nao: serikali ya huko inataka kibali kwa konokono wa jenasi ya *Pomacea* wanaosafirishwa kutoka jimbo moja kwenda jingine, ila imemwacha huru huyu mmoja.

Upande wa pili ni wa walinzi wa mimea. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku jenasi nzima mwaka 2012, baada ya konokono hao kuvamia mashamba ya mpunga ya delta ya mto Ebro nchini Hispania. Hakuna aliyedai kwamba kila spishi ni mharibifu. Tatizo ni kwamba wanafanana mno. Wote wawili wapo wa rangi ya dhahabu. Tofauti iko kwenye mshono wa gamba: wa *diffusa* umekaa bapa, pembe yake kama ya kona ya meza, na wa *canaliculata* umechimbika kama mfereji. Konokono akiwa mdogo wa ukubwa wa punje ya choroko, hata mtaalamu anaweza kuhitaji kipimo cha vinasaba.

Nani atamkagua stendi ya mabasi?

Mimi ninaegemea upande wa pili. *Diffusa* mwenyewe amekwisha kujitegemea porini Florida na Sri Lanka, kote huko akitokea matangini. Kwamba hajaharibu mpunga huko ni habari njema, lakini Bonde la Rukwa halipaswi kutumika kujaribia kama habari hiyo itaendelea kuwa njema. Mkulima wa Muze hana tangi la kioo. Hakushiriki katika furaha ya kumfuga, na hasara ikitokea ni ya kwake.

Ndugu wa nyumbani

Kinachonishangaza ni jinsi tunavyotafuta konokono wa Amazon tukiwa tumekaa katikati ya hazina ya konokono.

Familia ya *Pomacea* ina matawi ya Afrika. Afrika Mashariki ina *Pila ovata*, mkubwa na mviringo, naye ana pafu na hutaga mayai meupe nje ya maji. Ina pia konokono wa jenasi ya *Lanistes*, ambao gamba lao linaonekana kupinda kushoto badala ya kulia. *Lanistes* hutaga ndani ya maji, mayai yakiwa kwenye ute unaonata kwenye mimea na mawe. Wanaishi kwenye mabwawa na vinamasi vya nchi hii na hawahitaji meli wala ndege kutufikia. Mwenye tangi aambiwe ukweli: baadhi ya *Lanistes* hula mimea hai, na hupenda kujifukia mchangani.

Ziwa Tanganyika ni habari nyingine kabisa. John Hanning Speke alipofika huko mwaka 1858 aliokota magamba ufukoni. Mwaka uliofuata yalielezwa kitaalamu London, na wataalamu walishangaa: magamba ya maji baridi yalifanana na ya bahari. Mzoolojia J. E. S. Moore alikuja mwishoni mwa karne hiyo kutafuta jibu, akiamini kwamba ziwa lilikuwa mabaki ya bahari ya kale. Alikosea. Ziwa halikuwahi kuwa bahari. Ni umri wake wa mamilioni ya miaka, na kaa wanaovunja magamba ya konokono, vilivyowafanya konokono wajenge nyumba nene zenye mbavu na miiba.

Mmoja wao, *Tiphobia horei*, ana miiba mirefu na jina la Edward Coode Hore, mmisionari wa London Missionary Society aliyefanya kazi ziwani. Jenasi ya *Lavigeria* imepewa jina la Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wa shirika la Mapadri Weupe. Wakatoliki wa Ufipa, ambao babu zao walifundishwa dini na mapadri hao, wachache wanajua kwamba jina hilo linatambaa kwenye mawe ya Kipili na Kasanga.

> Wakatoliki wachache wa Ufipa wanajua kwamba jina la Kardinali Lavigerie linatambaa kwenye mawe ya Kipili na Kasanga.

Na yupo *Neothauma tanganyicense*, mkubwa kuliko wengi wa ziwani, asiyetaga mayai bali huzaa watoto hai. Akifa, gamba lake hudumu muda mrefu katika maji yale yenye kalisi nyingi, na magamba hayo hutanda sakafu ya ziwa kwa eneo kubwa. Humo wanaishi samaki wadogo wanaotaga na kulea ndani ya gamba tupu. Dume wa *Lamprologus callipterus* hukusanya magamba kwa mdomo akayafanya kitongoji cha majike wake, na anaweza kuwa na uzito mara 12 ya jike, kwa sababu jike lazima atoshe ndani ya gamba na dume lazima aweze kulibeba.

Wafugaji wa Ulaya wanawapenda samaki hao tangu zamani. Wanaponunua samaki wa Tanganyika huwaita kwa majina ya vijiji vyetu, Kipili na Kasanga yakiwamo. Kwa kuwa magamba ya *Neothauma* ni adimu kwao, huwapa samaki magamba ya konokono wa nchi kavu wanaoliwa kwenye mikahawa ya Ufaransa. Samaki huingia humo na kutaga bila shida. Ikiwa Mjerumani ameweza kuleta Tanganyika sebuleni kwake, mkazi wa Sumbawanga, ambaye ziwa liko mkoani kwake, anaweza zaidi. Maji ya Tanganyika yana pH ya kati ya 8.5 na 9.2, na tangi lenye mawe ya chokaa linakaribia hapo. Kuvua viumbe hivyo kwa biashara kunasimamiwa na Idara ya Uvuvi, na kibali kitafutwe kwanza.

Hofu ya kichocho

Anayesikia ushauri wa kufuga konokono wa kienyeji huuliza mara moja: vipi kuhusu kichocho? Swali ni la haki. Kichocho cha tumbo hupitia kwa konokono wa jenasi ya *Biomphalaria*, na cha mkojo kwa *Bulinus*. Wote ni wadogo, wote wapo kwenye mabwawa na mifereji yetu, na wanaweza kuja tangini kwa bahati mbaya, wamenata kwenye jani. Aliyeambukizwa hutoa vijidudu majini, navyo hupenya ngozi ya mkono unaosafisha tangi.

*Lanistes* na *Pila* si wabebaji wa kichocho. Konokono waliokamatwa porini wasiwekwe tangini na kuchezewa na watoto. Mfugaji aanze na mayai: maambukizi hayarithiwi kupitia yai, kwa hiyo kizazi kilichoanguliwa ndani ya maji safi hakina vimelea hivyo. Mimea ya bwawani iachwe bwawani.

Tanzania ina historia yake hapa, ambayo inastahili kukumbukwa. Mwishoni mwa miaka ya 1970 watafiti walimweka *Marisa cornuarietis*, konokono wa Amerika Kusini wa familia ileile ya *Pomacea*, katika bwawa la kuchimbwa karibu na Moshi, ili apambane na wabebaji wa kichocho. Matokeo yalichapishwa mwaka 1982: *Biomphalaria pfeifferi* na spishi nyingine mbili za kundi lake walitoweka bwawani.

Wapo wanaolitumia jaribio hilo kutetea konokono wa kigeni. Mimi nalisoma kwa namna nyingine. Konokono mmoja mgeni alifuta spishi tatu za bwawa zima kwa muda mfupi. Pale walikuwa wale tuliotaka waondoke. Kasanga na Kipili kuna konokono ambao wakiondoka hawapatikani mahali pengine popote duniani.

Vituo vya mpakani

Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020 iliunda Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, TPHPA, ambayo kazi yake ni pamoja na kuzuia visumbufu vya mazao mipakani. Viumbe vya majini viko pia chini ya Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003. Konokono wa tangini anakaa kwenye ufa kati ya sheria hizo: kwa afisa kilimo ni samaki wa mapambo, kwa afisa uvuvi ni kisumbufu cha mpunga.

Ufa huo uzibwe kabla ya dalili ya kwanza bondeni. Nchi inayosubiri kuona vishada kwenye mpunga huwa imechelewa. Mwea wanaokota hadi leo.

Aliye naye tayari hahitaji kuadhibiwa. Akwangue kishada kabla hakijaanguliwa, akigandishe kwenye friza siku mbili, kisha akizike. Maji ya kubadilisha tangi yamwagwe kwenye udongo mkavu, bustanini, mbali na mtaro. Konokono waliozidi wasiachiwe bwawani kwa huruma.

Mkoa wa Rukwa na jirani zake una milango michache ambayo konokono hai anaweza kupita kutoka nje: Tunduma kwa barabara, Kasesya kwa wanaotoka Mbala nchini Zambia, na bandari ya Kasanga. Afisa wa kila mlango angepewa karatasi moja yenye picha tatu, mshono wa gamba la *diffusa*, mshono wa *canaliculata* na kishada cha mayai, pamoja na namba ya simu ya mtu wa TPHPA wa kumpigia. Karatasi hiyohiyo ingebandikwa kwenye ofisi za kata za Muze, Mtowisa na Ilemba kabla ya miche ya msimu ujao kuingia jarubani.